Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali: pangeni picha za vichanga kwa saa ya kunyonya

Kwa: Wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa idara za radiolojia na wasimamizi wa wodi za watoto wachanga

YAH: KUWAPIGA PICHA VICHANGA BILA KUWALIZA NA BILA DAWA ISIYO YA LAZIMA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wauguzi wa watoto wachanga na wataalamu wa picha za kitabibu. Malalamiko haya yameshafika mezani kwenu kupitia ripoti za zamu, vikao vya idara na barua za ndani, na kila mara jibu limekuwa "tutaliangalia". Sasa tunayasema hadharani, kwa kuwa mzazi anayerudishiwa kichanga aliyechoka kwa kulia, picha haikupatikana, huambiwa kwamba mtoto "alisumbua". Mtoto hakusumbua. Aliletwa na njaa kwenye chumba cha baridi chenye kelele, akafanya anachofanya kila kichanga.

Hoja yetu ni moja. Mtoto wa chini ya miezi 3 akishiba, akapata joto na kufungwa vizuri, hulala mwenyewe, na usingizi huo unatosha kwa picha nyingi tunazomhitajia. Kinachomkosesha usingizi huo ni ratiba, na ratiba iko mikononi mwenu.

1. Saa ya picha haiijui saa ya kunyonya

Kichanga hunyonya kila baada ya saa 2 hadi 3. Fomu ya kuombea picha ina nafasi ya jina, umri, uzito na ugonjwa unaoshukiwa, lakini haina mahali pa kuandika mtoto alinyonya mwisho saa ngapi. Kwa hiyo mtoto anashushwa saa moja na nusu baada ya kunyonya: hana njaa ya kumfanya anyonye tena, wala hana shibe ya kumlaza. Au anafika na njaa kamili, huku mama ameachwa wodini na maziwa yameachwa wodini.

Chukueni MRI ya kichwa, picha ya mashine ya sumaku, iliyopangwa saa 4:00 asubuhi. Mtoto anyonye kama kawaida saa 12:15 asubuhi. Ikiwa atahitaji dawa ya kuonyesha mishipa, kanyula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, iwekwe asubuhi hiyo mapema, kwa sababu mtoto aliyechomwa sindano baada ya kushiba haombolezi dakika mbili, huomboleza nusu saa. Saa 3:05 abadilishwe nepi, avuliwe nguo yenye vifungo vya chuma na avishwe vifaa vya kufuatilia mapigo na oksijeni. Saa 3:15 anyonye hadi aachie titi mwenyewe. Anayelishwa kwa kipimo apewe mlo wake wote: mtoto wa kilo 3 anayepata mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, katika milo 8, hupata kama mililita 56. Akipewa 30 "asije akatapika", ataamka katikati ya picha akidai 26 zilizobaki. Baada ya hapo abebwe wima begani dakika 5 hadi 10 abeue hewa, kisha afungwe na kuachwa alale.

Nepi inatangulia maziwa kwa makusudi. Ukimbadilisha baada ya kunyonya umemwamsha, na ukimwinua miguu tumbo likiwa limejaa, maziwa yanarudi juu.

Ratiba hii haimlazi mtoto njaa. Ni mlo wake ule ule, umesogezwa tu uangukie dakika 30 hadi 45 kabla ya picha. Kinachoivuruga ni ukimya. Mashine ikichelewa kwa sababu ya mgonjwa wa dharura, hakuna anayepiga simu wodini, na mtoto aliyepaswa kunyonya saa 3:15 anafika saa 5:00 hajagusa kitu tangu alfajiri. Kwa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa mtoto wa mama mwenye kisukari na kwa aliyezaliwa na uzito mdogo, hapo sukari huanza kushuka. Ikishuka chini ya milimoli 2.6 kwa lita, habari ya picha imekwisha, inabaki kuitibu sukari. Simu moja kabla ya maziwa, "mashine iko tayari, mnyonyesheni" au "tumechelewa, mpeni mlo wake sasa, tutampiga picha mzunguko ujao", ingemaliza sehemu kubwa ya barua hii.

2. Njia mbili zinachanganywa

Hili ndilo linalotuumiza zaidi, kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Mtoto anaandaliwa kwa dawa ya usingizi, kwa hiyo anazuiwa kula: kwa kanuni iliyozoeleka, saa 4 baada ya maziwa ya mama, saa 6 baada ya maziwa ya kopo. Kisha mtu anasema, "Tujaribu kwanza alale mwenyewe, ikishindikana ndipo tumpe dawa." Lakini mtoto mwenye njaa halali mwenyewe, na ukimnyonyesha ili alale umemfungia njia ya dawa kwa saa 4 zijazo. Jaribio linashindwa, nafasi ya mashine inapita, daktari wa usingizi ameshaitwa kwingine, na mtoto amekaa na njaa kwa muda wa saa 7. Kesho yake yanarudiwa yale yale.

Uamuzi ufanyike siku moja kabla, kwa maandishi, na mtu mmoja aweke saini: mtoto huyu atalala kwa kushiba, au mtoto huyu atapewa dawa. Akiwa wa kushiba, anashibishwa bila woga. Usingizi ukikataa, anarudishwa kwenye mlo unaofuata siku hiyo hiyo.

Hatusemi dawa ni sumu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari Desemba 2016 kuhusu dawa za usingizi kwa watoto wa chini ya miaka 3 zinapotumika kwa zaidi ya saa 3 au kwa kurudiarudia. Upande wa pili, utafiti wa GAS, uliotoa matokeo yake ya mwisho 2019, ulikuta kwamba watoto waliopata usingizi wa dawa kwa chini ya saa moja wakiwa wachanga hawakutofautiana kiakili, walipofika miaka 5, na wenzao waliofanyiwa upasuaji kwa ganzi tu. Hofu yetu iko karibu zaidi kuliko miaka 5. Njiti aliyepewa dawa anaweza kusimama kupumua saa kadhaa baada ya kuamka, hivyo anahitaji kitanda chenye ufuatiliaji hadi kesho yake. Na ile dawa ya majimaji ya klorali inayotolewa mdomoni kana kwamba ni kitu chepesi, kwa kichanga inaweza kuchukua zaidi ya siku nzima kabla nusu yake haijatoka mwilini. Mtoto anaonekana ameamka, anarudishwa kwa mama, na dawa bado imo.

Wapo wanaohitaji dawa kweli: mwenye njia ya hewa isiyo salama, anayehitaji kushikiliwa pumzi kwa ajili ya picha za moyo, mwenye kipimo kirefu kisichokatika vipande. Hao wapewe, na daktari wa usingizi awepo chumbani.

3. Mtoto anafungwa vibaya, au hafungwi kabisa

Mikanda ya kubana kichwa peke yake haimtulizi mtoto. Inamkasirisha. Kinachomtuliza ni kubanwa mwili mzima kwa upole, kama alivyokuwa tumboni.

Tandika shuka laini la pamba lililopashwa joto, kona ya juu ikunjwe, mabega ya mtoto yakae kwenye mkunjo. Mikono iletwe kifuani, viganja vikaribie kidevu. Ukiinyoosha kuelekea mapajani ataipigania. Upande mmoja upite juu ya kifua na kuingia chini ya mgongo, kisha wa pili. Miguu iachwe imekunjwa na magoti yameachana, ya chura, kwa sababu kuinyoosha na kuibana huumiza nyonga. Vidole viwili vipite kati ya nguo na kifua. Nguo isipande juu ya mabega wala isikaribie pua.

Kisha uje mfuko wa kunyonywa hewa, ule wenye chembe ndogo ndani, unaojikaza na kumshika mtoto hewa ikitolewa. Utandazwe, chembe zisambazwe kwa mkono, mtoto alazwe katikati akiwa ndani ya shuka lake, pande zipandishwe kumzunguka na kichwa kiwekewe kingo mbili. Hewa itolewe polepole huku mtu akitazama kifua kikipanda na kushuka. Ukitolewa hewa kwa haraka hutoa mlio na kujikaza ghafla, na mtoto anarusha mikono kwa mshtuko. Mifuko hii hudumu miaka ikitunzwa, lakini ikitoboka hulegea katikati ya picha. Kila asubuhi utolewe hewa mtupu na uachwe dakika 30. Ukilegea, usitumike siku hiyo.

Mtoto afungwe chumba cha maandalizi, alale humo, kisha ahamishwe pamoja na mfuko wake. Kumfungua mlangoni mwa mashine ili "kuangalia chuma" ni kuanza upya. Chuma kiangaliwe kabla hajafungwa.

4. Mashine inaanza kabla mtoto hajalala kweli

Kichanga akifumba macho huingia kwanza kwenye usingizi mwepesi. Kope zinatetemeka, midomo inanyonya hewa, vidole vinachezacheza, pumzi inakwenda kwa vipande. Ukiwasha mashine hapo, utampoteza. Usingizi mtulivu huja kama dakika 20 baadaye, nao hudumu kama dakika 20 kabla mzunguko haujageuka.

Kuutambua hakuhitaji kifaa. Inua mkono wake kidogo kwa kidole kimoja kisha uuachie. Ukirudi taratibu huku vidole vikijikunja, subiri. Ukianguka kama kitambaa kilicholowa maji, kope zimetulia na pumzi imekuwa ya mpigo mmoja, anza.

Kwa kuwa dirisha ni dogo, picha muhimu zaidi itangulie. Kwa mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, ni picha za mtawanyiko wa maji kwenye ubongo, na hizo zina tarehe yake. Jeraha hung'aa wazi humo katika siku za kwanza, kisha baada ya kama wiki moja mng'ao hufifia ingawa jeraha lipo. Picha iliyoshindikana siku ya 5 na kupangwa upya siku ya 12 haitajibu swali lile lile. Tunaomba hili lisomwe na kila anayeandika "apangiwe tena wiki ijayo".

Sauti nayo ipandishwe kwa hatua. Wodi ya vichanga inashauriwa isizidi desibeli 45, huku MRI ikipita 100. Masikio yazibwe kwa tabaka mbili, nta laini kwenye tundu la sikio na vifunika sikio vidogo juu yake, kabla mtoto hajasinzia. Kuvibandika baadaye kunamwamsha. Baada ya picha ya kwanza, pengo la kimya lisirefuke. Wengi hawaamshwi na kelele inayoendelea. Wanaamshwa na kelele inayoanza ghafla baada ya kimya.

5. Joto na nyaya

Chumba cha MRI huwekwa baridi kwa ajili ya mashine. Joto la kichanga linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Lipimwe kabla hajafungwa na mara tu anapotoka, liandikwe kote kuwili. Akiwa na kofia, shuka lililopashwa moto na mfuko, kwa kawaida hubaki salama. Blanketi la tatu na la nne tusiweke, kwa kuwa mawimbi ya mashine nayo hupasha mwili joto.

Nyaya za kufuatilia mapigo zinazoruhusiwa kwenye MRI ndizo zitumike, zinyooshwe, zisikunjwe kuwa duara, na kitambaa kikae kati yake na ngozi. Waya uliojikunja juu ya ngozi unaweza kuunguza, na mtoto aliyefungwa hawezi kujitoa.

6. Vyumba vingine navyo

Kwenye eksirei ya kifua tatizo ni sahani baridi ya kupokea picha, anayolazwa juu yake. Ngozi ikiigusa mtoto anashtuka, analia, na picha inapigwa akiwa ametoa pumzi: moyo unaonekana mkubwa, mapafu yanaonekana na ukungu, na ugonjwa usiokuwepo unaandikiwa dawa. Sahani ifunikwe kwa kitambaa kimoja chembamba kisicho na mikunjo. Mshikaji mmoja ashike mikono pembeni mwa kichwa ili kichwa kisigeuke, na mapaja yashikwe kwa mkono wa pili au na mtu wa pili. Kila mshikaji avae aproni ya madini ya risasi, vidole vyake vibaki nje ya mwanga wa miale, na asiwe mjamzito. Kichanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika, hivyo mpigaji atazame tumbo linavyopanda ndipo abonyeze. Kurudia picha ni kumwongezea mionzi.

CT-Scan ni ya sekunde chache. Kwa mtoto aliyeshiba na kufungwa, ombi la dawa ya kutuliza lihitaji sababu iliyoandikwa.

Kwenye picha ya figo ya dawa ya nyuklia, ile inayopigwa saa 2 hadi 4 baada ya sindano, muda wa kusubiri ni ule ule wa kutoka mlo hadi mlo. Mtoto achomwe, arudi kwa mama, anyonye nusu saa kabla ya kuitwa. Hakuna kipimo kinachopangika kwa urahisi kuliko hiki, na bado watoto wanawekwa wakisubiri kwenye benchi la korido.

Ultrasaundi: jeli ipashwe joto, lakini chupa isikae siku nzima kwenye maji ya moto, vijidudu huzaliana humo. Kwa vichanga itumike ya pakiti ndogo safi. Utosi uguswe kwa uzito wa kifaa chenyewe tu. Mama anaweza kunyonyesha huku kichwa kikipimwa.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema ratiba imejaa, hamna nafasi ya saa nzima kwa mtoto mmoja. Hatuombi saa nzima ya mashine. Kunyonya, kubeua, kufungwa na kusinzia kunafanyika chumba cha pembeni huku mashine ikipiga wengine. Kinachokula ratiba ni mtoto anayeingia mara tatu bila kupata picha.

Mtasema wauguzi hawatoshi. Ni kweli, tunalijua kuliko mnavyolijua. Lakini mtoto aliyepewa dawa anahitaji daktari wa usingizi, muuguzi wa kumwamsha na kitanda cha ufuatiliaji. Aliyeshiba anahitaji muuguzi mmoja anayejua kumfunga, na mama yake. Mama akaguliwe chuma kama mfanyakazi yeyote, azibwe masikio, akae.

Mtasema dawa ina uhakika. Ina uhakika wa kutulia. Haina uhakika wa kupumua.

Na mtasema wapo watoto wasioruhusiwa kula kabisa, wenye matumbo yanayosubiri upasuaji. Wapo, na kwao pia kufungwa, joto, giza na chuchu bandia isiyo na chuma vinasaidia. Daktari akiruhusu, matone ya sukrosi ya asilimia 24, mililita 0.1 hadi 0.2 juu ya ulimi dakika 2 kabla ya sindano, hupunguza kilio cha sindano. Sukrosi haimlazi mtoto. Tusiifanye dawa ya usingizi kwa kuirudiarudia.

Tunachoomba

(a) Nafasi mbili ziongezwe kwenye fomu ya kuombea picha: "alinyonya mwisho saa ngapi" na "njia iliyoamuliwa: kushiba au dawa". Fomu isiyojazwa irudishwe.

(b) Simu ya idara ya picha kwenda wodini kabla ya mlo iwe wajibu wa mtu anayetajwa kwenye orodha ya zamu.

(c) Chumba kimoja karibu na mashine kitengwe: taa inayopunguzwa, kiti cha kunyonyeshea, kifaa cha kupasha mashuka, mlango unaofungika. Stoo ndogo iliyosafishwa inatosha.

(d) Kila mashine ya MRI na CT iwe na mifuko miwili ya kunyonywa hewa ya ukubwa wa kichanga na ya njiti, pampu yake, na vifunika masikio vya vichanga.

(e) Wauguzi na wataalamu wa picha wafundishwe kufunga pamoja, kwa mikono, na kila mmoja atazamwe akifunga kabla ya kuruhusiwa.

(f) Kila jaribio liandikwe: saa ya mlo, saa ya kulala, saa ya picha ya kwanza, joto la kabla na baada, picha ilipatikana au haikupatikana, na kwa nini. Ripoti itolewe kila mwezi na sisi tuione.

Vipengele (a), (b) na (f) vinahitaji karatasi na simu iliyopo tayari, tunaomba vianze ndani ya siku 14. Kwa vilivyobaki tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja tarehe na mhusika wa kila kimoja. Tuko tayari kuja kuonyesha namna ya kumfunga mtoto, siku yoyote mtakayotuita, kwa kutumia mwanasesere na shuka.

Wenu katika kazi,

Wauguzi wa watoto wachanga na wataalamu wa picha za kitabibu

Nakala: Wawakilishi wa wazazi katika kamati za hospitali